Gari la michezo limekuwa gumu baada ya kubadilisha suspensheni: dalili, chanzo na tiba

Umefunga springi fupi au seti ya koilova (springi na shokapu zilizounganishwa, zenye urefu unaorekebishwa). Gari limekaa chini, linakata kona bila kuyumba, na ukilitazama kwa mbali unatabasamu. Halafu inafika Jumatatu, unaenda nalo kazini, na kila kiraka cha lami unakihisi kwenye uti wa mgongo. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuagiza kipuri kingine: shokapu za bei kubwa zaidi, springi laini zaidi, bushi mpya (vikalio vya raba kwenye viungo vya suspensheni).

Subiri kidogo. Tunaposema "gari gumu" tunachanganya matatizo kadhaa yasiyofanana, na dawa ya moja huweza kuzidisha jingine. Msimamo wangu ni kwamba malalamiko mengi ya gari la michezo linalotumika kila siku hayatokani na ugumu wa springi. Yanatokana na gurudumu kukosa nafasi ya kucheza. Springi ngumu yenye nafasi ya kutosha huvumilika. Springi laini inayogonga mwisho kila mara haivumiliki hata kidogo. Kwa hiyo tutaanza na nafasi hiyo.

Kabla ya kushika spana

Pima presha ya matairi asubuhi, kabla gari halijatembea. Presha hupanda au kushuka kwa takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi, hivyo kipimo ulichochukua baada ya safari ndefu hakikuambii kitu. Linganisha na kibandiko cha kiwandani kwenye fremu ya mlango. Hata psi 5 za ziada kwenye tairi lenye ubavu mfupi hubadilisha gari zima, na marekebisho yake hayana gharama.

Angalia pia umri wa tairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ni wiki na mwaka: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokakamaa hupitisha kila kokoto. Na kama ulipobadilisha suspensheni ulipanda pia kutoka rimu za inchi 17 hadi 19, au ukafunga matairi ya runflati (yanayoweza kutembea bila upepo) yenye ubavu mgumu, jiulize kwa uaminifu ni badiliko lipi lililoleta shida. Ukiweza kuazima magurudumu ya zamani kwa siku moja, fanya hivyo kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha chukua futi na upime kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne, gari likiwa mahali tambarare. Andika. Vipimo hivyo utavihitaji mara nyingi.

Kishindo kizito kwenye shimo, tuta au daraja

Hili ndilo tatizo kuu, na ndilo linalotambuliwa vibaya kuliko yote. Dereva husema "springi ni ngumu mno", akapunguza ugumu wa shokapu kwa kliki kadhaa (hatua za kitasa chake), na kishindo kikazidi. Kimezidi kwa sababu gari lilikuwa tayari linafika mwisho wa safari yake, yaani umbali ambao suspensheni inaweza kusogea. Sasa linafika kwa kasi zaidi.

Kuthibitisha ni rahisi. Funga zip tai nyembamba kwenye fimbo ya shokapu, isukume ikae juu ya mwili wa shokapu, kisha endesha njia yako ya kawaida. Ukirudi, angalia ilipofika. Ikiwa imesukumwa hadi kwenye raba ya kizuizi, umepata jibu. Kwenye aina zinazofungwa kichwa chini fimbo haionekani. Hapo tafuta alama za kusagika kwenye raba yenyewe.

Raba ya kizuizi ni kipande cha povu gumu kinachozuia chuma kugonga chuma, na kwa kweli nayo ni springi, ila ugumu wake hupanda ghafla. Kiwanda kingine huipanga iguse mapema kidogo kwa makusudi. Gari linaposhushwa milimita 40 kwa springi fupi huku shokapu zikibaki zilezile za kiwandani, nafasi yote uliyoiondoa imetoka upande wa kubana. Gari lililokuwa na milimita 70 kabla ya kugusa raba sasa lina 30. Mzigo kidogo, abiria mmoja nyuma, na unasafiri juu ya povu.

Tiba ya kwanza ni kupandisha gari. Najua haipendezi kusikia, lakini milimita 15 juu huleta utulivu ambao hakuna shokapu ya bei yoyote itakayokuletea. Tiba ya pili ni shokapu zenye mwili mfupi zilizotengenezwa kwa ajili ya urefu huo. Kukata raba ya kizuizi ni sawa tu pale mtengenezaji wa springi ameagiza hivyo na kutaja kiasi. Vinginevyo utamalizia kugonga ndani ya shokapu, na hapo utanunua shokapu.

Kwenye koilova kuna mtego wake. Ziko za aina mbili. Aina moja hurekebisha urefu kwa kuzungusha kikalio cha springi tu. Nyingine ina mabano ya chini yanayozungushwa peke yake, ili urefu wa gari ubadilike bila kugusa safari ya fimbo. Mwenye aina ya kwanza akishusha gari, anakula nafasi ya kubana. Mwenye aina ya pili huweza kushusha na kubaki na nafasi yake, mradi tairi lisiguse bodi. Fundi asiyejua tofauti hii atakaza kikalio kwenye aina ya pili mpaka springi ibanwe sana, akiamini anaifanya ngumu. Springi ya kawaida yenye mzingo sawa haibadiliki ugumu kwa kubanwa awali: kama ni kilo 8 kwa milimita, inabaki kilo 8. Kinachobadilika ni pale gari linapotulia katika safari ya fimbo. Ukibana kupita kiasi, gurudumu hukosa nafasi ya kushuka, na utasikia mgongano mwingine, mwepesi na wa chuma, gari linapovuka kilele cha tuta. Kwa gari la kila siku napenda theluthi moja ya safari iwe ya kushuka na theluthi mbili za kubana.

Gari linadundadunda, halitulii

Hapa hakuna kishindo. Kuna kuruka: unapita wimbi moja la barabara na gari linapanda na kushuka mara mbili au tatu kabla ya kunyamaza. Kwenye barabara ya zege yenye viungo, kichwa kinakuwa kama cha mtu anayeitikia mahubiri.

Chanzo cha kawaida ni springi mpya kwenye shokapu za zamani. Springi hubeba uzito. Shokapu hudhibiti kasi ya mwendo wake. Ukiongeza ugumu wa springi mara mbili, shokapu inahitaji nguvu zaidi ya asilimia 40 hivi ili gari litulie kama awali. Ya kiwandani haina nguvu hiyo, na kama imeshatembea kilomita laki moja, haina hata ile yake ya zamani. Ikiwa shokapu zako zinarekebishika, ongeza udhibiti wa kurudi (unaopunguza kasi ya shokapu inaponyooka), kliki mbili kwa wakati. Kwenye nyingi, kuzungusha kulia ni kuongeza, na hesabu huanzia mwisho wa kulia kabisa. Soma maelekezo ya zako, maana si wote wanaofuata utaratibu huo.

Usizidishe. Udhibiti wa kurudi ukiwa mwingi, gurudumu huchelewa kushuka baada ya kila shimo, na mashimo yakifuatana gari hujivuta chini polepole hadi likae kwenye raba. Hapo dereva atasema tena ni gumu, na atakuwa sahihi, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Chanzo cha pili ni uwiano wa mbele na nyuma. Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi General Motors katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba nyuma ya gari inapaswa kupumua haraka kidogo kuliko mbele. Tuta hugusa mbele kwanza. Nyuma ikiwa na mwendo wa haraka zaidi huifikia mbele, na mwili wote hupanda na kushuka pamoja badala ya kuinamisha pua na kuinua mkia. Seti nyingi za koilova hupangwa kwa ajili ya uwanja wa mbio, mbele ikiwa ngumu zaidi. Kwenye barabara ya kawaida gari hilo hubembea kama mtumbwi, na hakuna idadi ya kliki itakayoliponya. Linahitaji springi nyingine.

Springi gani basi? Namba iliyoandikwa kwenye springi peke yake haitoshi, kwa sababu gurudumu na springi havitembei umbali sawa. Kwenye mfumo wa MacPherson (shokapu yenyewe hushikilia gurudumu juu, na mkono upo chini tu) springi husogea karibu sawa na gurudumu. Kwenye mfumo wa mikono miwili (vyuma vinavyoshika gurudumu juu na chini) springi huweza kusogea asilimia 70 tu ya mwendo wa gurudumu, na ugumu unaofika kwenye gurudumu hupungua kwa mraba wa uwiano huo. Tuchukue gurudumu moja linalobeba kilo 310. Springi ya kilo 8 kwenye MacPherson hutoa kama kilo 7.2 kwa milimita kwenye gurudumu, na mwili utacheza karibu mara 2.4 kwa sekunde. Springi ileile kwenye mikono miwili hutoa kama kilo 3.9, na mwili utacheza kama mara 1.8. Gari la kawaida la familia hucheza kati ya mara 1 na 1.5, na la michezo la barabarani kati ya 1.5 na 2. Kwa hiyo mwenye Mazda MX-5, ambayo mbele ina mikono miwili tangu toleo la 1989, akikuambia kilo 8 mbele haimsumbui, na wewe una Toyota GR86 yenye MacPherson mbele, ushauri wake haukuhusu.

Mtetemo mdogo usiokoma

Gari halidundi wala haligongi, lakini mikwaruzo midogo ya lami inaingia yote ndani. Viungo vya daraja vinapiga "tak-tak" kali. Kama presha na matairi yako sawa, washukiwa ni watatu.

Wa kwanza ni udhibiti wa kubana (unaopunguza kasi ya shokapu inapobanwa) ulio mwingi. Punguza huo, usiguse wa kurudi. Kwenye shokapu zenye kitasa kimoja mambo mawili huenda pamoja, hivyo utatafuta suluhu ya katikati tu.

Wa pili ni maunti ya juu, yaani kikalio kinachoifunga shokapu kwenye bodi. Koilova nyingi huja na maunti ya chuma yenye boljointi (kiungo cha tufe) badala ya raba. Usukani unakuwa sahihi zaidi, kweli, lakini kila mtetemo unaingia moja kwa moja kwenye bodi, na baada ya muda kiungo kikilegea kinaanza kelele. Kwa gari la kila siku rudisha maunti ya raba. Kipande hiki kidogo hubadilisha gari kuliko wengi wanavyodhani.

Wa tatu hapendi kutajwa gereji: bushi zilizokazwa gari likiwa hewani. Bushi ya raba ya kiwandani haizunguki kwenye bolti yake. Raba imegandishwa kwenye chuma pande zote mbili, na mkono wa suspensheni unapopanda au kushuka, raba hujisokota. Bolti ikikazwa magurudumu yakining'inia, raba itakuwa imejisokota tayari gari linaposhuka chini. Gari linakaa juu kuliko inavyotakiwa, linakuwa gumu bila sababu, na bushi hupasuka mapema. Kila aliyeshusha gari bila kulegeza bolti hizo ana tatizo hili hata kama hakubadilisha bushi, kwa sababu pembe ya mikono imebadilika.

Tiba: pandisha gari kwenye rampu ili uzito ukae kwenye magurudumu, legeza bolti za ndani za mikono yote, tikisa gari litulie, kisha kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kiwango cha kitabu. Kazi ya saa chache, bila kipuri hata kimoja. Ningeifanya kabla ya kutumia hela yoyote.

Kichwa kurushwa kushoto na kulia

Gurudumu moja likipita shimoni na mwili mzima ukatupwa upande, shuku stabilaiza nene, ile nondo inayopunguza gari kulala kwenye kona. Kazi yake ni kuunganisha magurudumu mawili, kwa hiyo shimo la kushoto linahisiwa na kulia pia. Ugumu wake hupanda kwa nguvu ya nne ya kipenyo: kutoka milimita 22 hadi 24 inaonekana kama mzaha, lakini ni zaidi ya asilimia 40. Kama ina matundu kadhaa mwishoni, hamishia linki (kifimbo kinachoiunganisha na suspensheni) kwenye tundu lililo karibu zaidi na ncha. Hapo ndipo laini. Na kama umeshusha gari, hakikisha linki zina urefu unaoweza kurekebishwa, na zikazwe gari likiwa chini na dereva ndani. Linki ya upande mmoja ikivuta zaidi, gari litakata kona ya kushoto na ya kulia kwa tabia mbili tofauti.

Sauti

"Kop-kop" nyepesi kwenye mashimo madogo kwa mwendo wa polepole: linki za stabilaiza, karibu kila mara. Shika linki kwa mkono gari likiwa chini, uitikise, ikicheza, imekwisha.

"Boing" au mkoromo unapozungusha usukani ukiwa umesimama: springi inajisokota na kuruka. Bearingi ya maunti ya juu imefungwa kichwa chini, imekwisha, au ncha ya springi haijakaa kwenye kikalio chake. Ukihitaji kuifungua, tumia kibana springi kilicho kizima na usikae mbele yake. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua.

Mlio wa kukwaruza wakati wa baridi au baada ya mvua ni bushi za poliyurethani zilizokauka. Zipake grisi ya silikoni, na grisi ya kawaida iweke mbali na raba. Kugonga unapokanyaga breki na tena unapoachia ni bolti ya mkono wa chini iliyolegea au bushi ya nyuma ya mkono huo. Hiyo usiiahirishe.

Kama shokapu ni mpya kabisa, ni za mirija miwili na zinatoa sauti ya kububujika, huenda zilifungwa bila kutolewa hewa. Husimamishwa wima na kubanwa na kuvutwa taratibu mara kadhaa kabla ya kufungwa.

Mtetemo wa usukani unaoanzia mwendo wa kilomita 90 hadi 110 kwa saa si wa suspensheni. Peleka magurudumu yakapimwe balansi, na kama rimu si za kiwandani, angalia kama tundu la katikati linakaa sawasawa kwenye kitovu.

Gari linatangatanga na kufuata mifereji ya barabara

Kila urefu ukibadilika, alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) imebadilika. Hakuna ubishi hapo. Kinachosumbua zaidi ni tou, yaani kama matairi mawili yanaelekeza pua zake ndani au nje. Mbele yakielekea nje kidogo tu, usukani unakuwa na wasiwasi na gari linafuata kila mfereji. Nyuma yakielekea nje, gari linatisha kwenye kona ya kasi. Kwa matumizi ya kila siku, sufuri au ndani kidogo mbele, na ndani kidogo nyuma.

Matairi yakiliwa upande wa ndani, watu hulaumu kemba, yaani tairi kuinamia ndani au nje kwa juu. Kemba ya nyuzi hasi 1.5 peke yake hula taratibu sana. Ikiungana na tou mbaya, tairi linaisha ndani ya miezi michache, na lawama humwangukia asiyehusika.

Baadhi ya magari yana tabia ya kuzaliwa nayo. Honda S2000 za mwanzo zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayobadilisha tou sana gurudumu linapopanda, na Honda ilipunguza tabia hiyo kwenye toleo la 2004. Ukiishusha sana ile ya mwanzo unaizidishia hali hiyo, na barabara yenye mawimbi itakufundisha adabu. Hapo urefu wa karibu na kiwandani ndio tiba.

Limeshushwa, lakini linalala zaidi kwenye kona

Hutokea, hasa kwenye MacPherson. Mikono ya chini ikiwa imeinukia upande wa gurudumu, kitovu cha kulala cha gari (nukta ambayo mwili huizunguka unapolala) hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito wake, na mkono wa nguvu unaolilaza unarefuka. Chungulia chini: mkono ukipanda kuelekea gurudumu badala ya kulala sawa au kushuka, umepita mpaka. Pandisha gari, au funga boljointi ndefu za kurekebisha pembe, pamoja na tairodi (fimbo za usukani) zinazolingana nazo. Ukibadilisha boljointi ukaacha tairodi, gari litajigeuzia usukani kwenye kila tuta.

Taa ya onyo kwenye dashibodi

Magari yenye shokapu za umeme, teknolojia iliyoingia sokoni kwa umbo lake la sumaku kwenye Cadillac Seville STS ya 2002, hulalamika ukizitoa. Zipo plagi za kunyamazisha onyo, lakini kabla ya kununua fikiria kuacha shokapu za kiwandani na kufunga springi zinazoshusha kidogo zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kwa anayeendesha kila siku, kitufe cha kulainisha gari ni kitu cha thamani kukiacha gereji.

Vihisi vya urefu navyo vikibaki na kipimo cha zamani, kompyuta hudhani gari limebeba mzigo. Vifanyiwe upangaji upya kwa mashine ya uchunguzi. Siku hiyohiyo elekeza taa za mbele, maana nyuma ikishuka kuliko mbele, mwanga unawaingia wenzako machoni. Springi mpya hujikalia kidogo katika wiki za kwanza, hivyo pima tena urefu wa pande nne, ulinganishe na namba ulizoandika mwanzo, kisha ndipo ulipie alaimenti ya mwisho.